Beseni la Chumba Namba Nne

Siku hizi beseni la bluu limepandwa miche ya nyanya uani, lakini Bi Beseni akilitazama, chumba namba nne cha mahakama humrudia chote: meza ya duara yenye mguu mmoja mfupi, feni iliyolalamika kuliko wenye kesi, harufu ya karatasi mbichi. Alikuwa msuluhishi pale kwa miaka ishirini na miwili. Kila kikao kilipokwisha aliyatumbukiza maandishi yake majini ndani ya beseni hilo, mbele ya macho ya wagomvi, akayavuruga mpaka wino ukatoka. Makarani walimcheka wakambandika jina la Bi Beseni. Naye alilipenda, na hata leo analipenda.

Katika yote aliyoyasikia, moja tu lilimkaa kooni. Mshonaji na kaka yake waligombea nyumba ya marehemu baba yao. Kikaoni kaka alibubujikwa na machozi, akasema, "Dada, baba alikupa wewe. Nilikuwepo." Kesho yake akageuka, akagoma kutia saini, kesi ikaenda kwa hakimu.

Mshonaji akaja mbio. "Mama, wewe ulimsikia kwa masikio yako. Njoo useme."

"Nilimsikia, mwanangu. Lakini yaliyosemwa mle hayatoki. Ndiyo maana alithubutu kuyasema."

"Kwa hiyo nikose nyumba kwa ajili ya beseni?"

Bi Beseni hakwenda kusema mbele ya hakimu. Hakimu naye aliyakataa maneno ya usuluhishi yasiwe ushahidi, na kaka akashinda. Bi Beseni aliumia vibaya. Miaka mingi alizunguka mtaa wa pili asipite mbele ya cherehani ile, na alijua fika kwamba ni aibu iliyomzungusha. Hata hivyo, leo hii angeitwa arudi chumba kile, na feni yake mbovu, angekwenda kwa miguu.

Juzi alasiri mlango uligongwa. Alikuwa ni yule mshonaji, kichwa mvi tupu, na nyuma yake binti zake wawili wasiotazamana.

"Shikamoo, mama. Hawa wamenishinda."

"Marahaba. Mahakamani siku hizi wapo wasuluhishi wasomi, mwanangu."

"Wapo. Mimi namtaka yule aliyeninyima neno moja nikakosa nyumba."

Machozi yalimlengalenga Bi Beseni. Kisha akatoka uani, akang'oa miche ya nyanya mmoja mmoja, akaanza kulisugua beseni.