Tovuti yetu ilizimika siku tano, watu ishirini na watatu wakaja dukani kwangu kuiposa

Wakuu, salamu kwenu nyote, pamoja na mnaosoma huku mmemficha bosi skrini.

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza hapa duniani. Nilianza kwa kusukuma toroli Nyabugogo, hapa Kigali, leo nina duka la mabati Rwezamenyo, la kwangu mwenyewe, bila mjomba na bila mkopo. Shule niliishia darasa la nne kule Ngara, Tanzania, tulikokulia. Nimeibiwa, nimeunguliwa stoo, nimewahi kuagiza mabati ya kijani nikaletewa ya pinki, na nikayauza yote. Kuna mtaa mzima kule Masaka ukiuona utajua ni kazi yangu.

Kwa hiyo nilijiona nimeshamaliza kuona.

Hiki ninachosimulia kina mashahidi ishirini na watatu. Mwenye kubisha aje Kigali, apande moto (pikipiki ya abiria), aseme "kwa Mzee Bati". Ataletwa.

Iko hivi. Sisi watu wanne tuna tovuti ya kuazimana vitu vya sherehe. Hema, viti, masufuria makubwa, mishanana (yale mavazi ya kufungia begani). Mwenye nacho anaandika, mwenye shida anaomba, wanakutana. Bure kabisa. Hatulipwi hata shilingi, ni kujitolea tu.

Kompyuta anazijua Josiane, dada mmoja mhasibu anakaa Kibagabaga. Mimi ni mwenyekiti, na kazi yangu ni kuongea na watu.

Kwa nini mimi? Hapo lazima nijisifu kidogo, mnivumilie.

Huku kwetu siku ya kuposa, gusaba, kila upande unaleta msemaji wake. Wageni wanasema tumekuja kuomba binti. Msemaji wa wenyeji kazi yake ni kukataa kwa maneno matamu: binti gani? Hapa hatuna binti. Mmepotea njia. Aa, yupo, lakini ameshaposwa. Wageni wanabembeleza, watu wanacheka, mwisho ng'ombe anatajwa na binti anatolewa. Kila mtu anajua mwisho wake, utamu uko kwenye kucheleweshwa.

Nimesema kwenye sherehe zaidi ya sitini. Kuna mzee mmoja tu wa kushindana na mimi, Silas, mwalimu mstaafu wa Masaka. Tumekutana mara tatu. Mara mbili nilimshinda, ya tatu mvua ilinyesha.

Sasa Jumatatu asubuhi tovuti ikafa. Ukifungua, ukurasa mweupe.

Josiane akanipigia. "Mzee, site iko chini, sijajua sababu. Andika kwenye grupu la WhatsApp mambo matatu tu. Imezimika. Hatujui itarudi lini. Utawapa habari kila siku saa sita. Basi."

Wakuu, mambo matatu! Grupu lina watu karibu mia nne, mtu wa hadhi yangu niwaandikie kama risiti?

Nikaandika hivi: "Tovuti? Tovuti gani? Sisi hapa hatuna tovuti. Nyie ni wa ukoo gani, na nani kawaelekeza kwetu?"

Walicheka sana. Vidole gumba arobaini na kitu. Nikalala vizuri.

Jumanne nikaongeza: "Ni kweli yupo, lakini amekwenda kusoma Ulaya. Mkimtaka mjipange."

Kicheko kikapungua. Mtu mmoja akauliza kwa unyenyekevu kabisa hayo masomo yanachukua miaka mingapi, maana masufuria yake yako kwa mtu asiyemjua.

Jumatano nikaandika kwamba ameposwa na watu wa Musanze na wameshatoa ng'ombe wawili. Hapo watu wakaanza kuwatukana watu wa Musanze. Watu wa Musanze waliomo kwenye grupu nao wakajibu. Nikaona mambo yanachangamka.

Kumbe kuna mtu alikuwa hacheki.

Mama Zubeda ni fundi cherehani, kibanda chake ni cha tatu kutoka dukani kwangu. Posa ya binti yake ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Na msemaji wa familia, yule wa kukataa wageni, nilikuwa mimi. Aliniomba tangu mwaka jana.

Akanijia dukani Jumatano mchana, sindano bado zimechomekwa kifuani.

"Mzee Bati, hema mbili na viti mia moja na hamsini niliahidiwa na watu kumi na moja. Mimi siwajui sura. Majina yao na simu zao, yote iko kwenye site. Site iko inarudi lini?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, sijui. Lakini hilo neno mdomoni mwangu halijawahi kupita.

Nikamwambia, "Mama, wageni wenye haraka hawapewi binti."

Akasema, "Sawa," akaenda zake. Nikadhani ameelewa utani.

Aliuelewa. Ndiyo ikawa shida.

Alhamisi saa nne naona msafara unapanda barabara yetu. Watu ishirini na watatu, wamevaa mishanana, wanawake wamebeba vikapu kichwani, mbele yao mzee na fimbo yake. Silas! Na Mama Zubeda nyuma yake. Wakapanga mstari mbele ya mabati yangu.

Silas akakohoa kama anavyokohoa kwenye sherehe. "Mwenyeji wetu, amani iwe hapa. Tumetembea siku nne. Tumesikia kwenye nyumba hii kuna tovuti. Tumekuja kuiomba."

Wakuu, mimi ambaye sishangai, nilikaa juu ya ndoo ya misumari.

Mjue, wageni wa namna hiyo huwezi kuwaacha wamesimama mlangoni. Wapewe viti, wapewe Fanta. Nikataka kuazima viti. Viti vinaazimwa wapi? Kwenye tovuti! Nikakodi, kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Mteja alikuja kununua misumari nusu kilo, akaona watu wamekaa, naye akakaa.

Nikajitahidi kukataa kwa ufundi. Nikasema binti yuko Ulaya. Silas akasema, "Tumeuliza Ulaya, hawajamwona." Nikasema ameposwa Musanze. Akanyanyuka mzee kutoka nyuma: "Mimi ndio mtu wa Musanze, na ng'ombe zangu ziko nyumbani." Watu wakapiga makofi. Kila mlango niliofunga, Silas ameshasimama upande wa pili.

Kisha akashusha sauti. "Mwenyeji, kuna mama hapa anatoa binti kesho kutwa, na wageni wake watakaa chini kwenye udongo. Utani tumemaliza. Tovuti iko wapi?"

Kwa desturi, ikifika hapo huruhusiwi kukataa tena. Lazima binti aonekane. Na mimi sikuwa na binti wa kuonyesha.

Nikampigia Josiane, nikaweka sauti ya nje ili wasikie naongea na mtaalamu.

"Mzee, afadhali umepiga," akasema. "Kampuni ya kuhifadhi site wamenijibu sasa hivi. Server ni nzima. Ni jina la tovuti, halikulipiwa ada ya mwaka huu. Wanasema wameandika email saba."

Nikanguruma, ili wasikie vizuri: "Wamemwandikia nani huyo mzembe?"

"Wewe, Mzee. Si ulikataa tusiweke email yangu? Ulisema mwenyekiti ndiye mwenye mali."

Mjue email yangu nilifunguliwa miaka ile, sijawahi kuingia. Niliamini jambo la maana linapigiwa simu.

Yule wa misumari akaacha kunywa Fanta.

Silas akasimama taratibu, akageukia watu wake. "Kumbe binti hakwenda popote. Baba yake amemfungia ndani, na ufunguo umo mfukoni mwake."

Wakuu, kile kicheko nitakufa nacho.

Mama Zubeda hakucheka. Alisimama akauliza, "Hapa kati yenu, nani aliniahidi hema?" Mikono miwili juu. "Viti?" Mikono tisa. Hao wote walikuwa watumiaji wetu, walikuja na hasira zao wenyewe! Dakika kumi akawa amepata kila kitu, na mishanana juu. Watu wamekaa siku nne wanasoma vichekesho vyangu, kumbe wangeitwa mahali pamoja tu.

Josiane akalipa kwa kadi yake, nikamrudishia papo hapo kwa simu. Kisha nikaandika kwenye grupu: "Imezimika kwa sababu sikusoma email. Kosa ni langu. Saa ya kurudi sijui. Nitaandika tena kesho saa sita."

Vidole gumba mia mbili na kumi. Sijawahi kupata hivyo maishani, na sikuweka hata utani mmoja. Ijumaa saa sita nikaandika, "Bado." Wakashukuru!

Ilirudi Jumamosi mchana, sherehe ikiendelea.

Msemaji wa Mama Zubeda siku hiyo alikuwa Silas. Mimi nilipewa kusimama getini. Kila anayeingia namwambia, "Hema kushoto, choo nyuma, chakula saa nane." Kuna mama mmoja wa makamo aliniambia hajawahi kupokewa na mtu anayeeleweka hivyo. Sijui nifurahi au nini.

Somo nililotoka nalo: kitu chako kikizimika, sema kimezimika. Hujui, sema hujui. Taja saa ya kurudi na habari, halafu urudi saa hiyo hata kama huna jipya. Na fungueni email zenu jamani.

Aliyewahi kuzimikiwa na kitu cha watu mkononi mwake aje hapa chini aniambie alisemaje. Wa kucheka acheke, nimeshazoea.

Na msinijazie PM kuuliza hasara. Ada ya jina, viti vya kukodi, Fanta, pamoja na brosheti (mishikaki) za Silas, aliyesema hawezi kumsamehe mtu akiwa na njaa: faranga 143,700.