Unakaa Wapi?

Nilijiunga na chama cha wenye magari ya kulala kwa sababu ya bomba la maji. Wenzangu walijiunga, kama walivyopenda kusema, kwa ajili ya hewa safi na urafiki. Mimi hewa safi ya Uingereza nimeivuta miaka ishirini na minane na haijanifanyia lolote. Nilitaka bomba, mahali pa kumwaga choo, na siku nne ambazo hakuna mtu atakayenigongea kioo na kuniambia nisogeze gari.

Maana nilikuwa naishi ndani ya gari hilo. Nalisema wazi sasa kwa kuwa nimechoka kulificha. Nyumba tuliyopanga Thornton Heath, kusini mwa London, mimi na mke wangu, iliuzwa na mwenyewe mwaka mmoja baada ya mimi kumzika mke wangu. Nikanunua gari kuukuu lenye kitanda, jiko la gesi na choo cha kumwaga kwa mkono, nikajiambia ni miezi miwili tu. Ikawa miaka miwili. Mchana nilikuwa kazini uwanja wa ndege, nikisukuma abiria wa viti vya magurudumu, na jioni nikizunguka mitaa ya Hounslow kutafuta upenyo ambao majirani hawajanichoka.

Chama kilikuwa na kanuni zake. Gari liwe la matembezi tu, na mwanachama awe na anwani ya kudumu. Kwenye fomu niliandika anwani ya ile nyumba iliyouzwa. Sikuona haya; nilikaa pale miaka kumi na sita, vidole viliiandika vyenyewe. Kila mwezi tulikusanyika kwa siku nne kwenye uwanja wa majani ukingoni mwa London, na mwaka mzima hakuna aliyeniuliza kitu.

Hao wanachama wenzangu wengi wao walikuwa wastaafu, wenye viti vya kukunja, mbwa wadogo na vibendera. Walipenda kuingizana ndani ya magari na kuonyeshana droo. Na walipenda kuusifu uhuru. Kulikuwa na mtu na mkewe waliokaa Hispania miezi mitano ndani ya gari lao, hawakukanyaga kwao hata siku moja, na kila mkusanyiko walisimuliwa upya kama mashujaa. Katibu, mzee mrefu wa kuvaa kaptura hata kwenye baridi, alikuwa amebandika nyuma ya gari lake maandishi yasemayo kwamba popote anapoegesha ndipo nyumbani kwake. Nyumba yake ya matofali ina bustani mbili. Alinionyesha picha.

Basi mwezi wa Mei, niko bombani na dumu langu, mpira wa maji umejikunja nami nautukana kwa Kipemba safi, nikasikia kicheko nyuma yangu.

"Jamani! Naota, au kuna mtu anatukana Kiswahili hapa?"

Alikuwa mama wa makamo, Mtanzania wa bara, nesi. Yeye na mumewe Mwingereza ndiyo kwanza walikuwa wamejiunga na chama. Siwezi kuificha furaha niliyoipata. Muda mrefu nilikuwa sijazungumza Kiswahili na mtu uso kwa uso, kwani msikitini nilishaacha kwenda. Kule watu huuliza habari za nyumbani. Tukaamkiana, tukaulizana kwetu, tukacheka. Kisha akaniuliza:

"Kaka, unakaa wapi?"

Kila mwenye lugha hii anajua kwamba swali hilo ni maswali mawili. Linaweza kuwa unaishi wapi, na linaweza kuwa umejiweka wapi kwa sasa hivi. Yeye aliuliza la pili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na la kuficha, roho ikaniruka na nikajibu la kwanza.

"Thornton Heath," nikasema mbio. "Nina nyumba kule. Ya kupanga, lakini nzuri, vyumba viwili na bustani nyuma. Miaka kumi na sita sasa. Nakaa kule kule, siku zote."

Akanitazama, akaangua kicheko. "Kaka! Mi nauliza hapa. Ume-park wapi, nikuletee vitumbua?"

Ningecheka naye, ningeonyesha gari langu kwa kidole, mambo yangeishia pale. Lakini mdomo ulishaniponza. "Thornton Heath sehemu gani?" akaendelea. "Kanisa letu liko high street pale, kila Sunday tupo." Nikautaja mtaa, kwani hakuna mwingine ulionijia. Akakunja uso, si kwa ubaya, kwa kufikiri tu. "Mtaa ule? Nyumba zile si walibomoa? Wanajenga flats, since last year."

"Upande wa pili," nikasema. Dumu lilikuwa limejaa kitambo na maji yananimwagikia viatuni.

Sikuwa nimejua kwamba waliibomoa. Nilirudi garini nikakaa kitandani na viatu vyangu vya maji, nikafikiri jiko la mke wangu lilienda wapi. Liliniuma hilo kuliko nilivyotegemea.

Alasiri akaja na vitumbua vyake. Kama angegonga mlango Kizungu, ningenyamaza, naye angeondoka. Lakini alipiga hodi. Mimi sikulelewa kuisikia hodi nikakaa kimya, na kinywa changu kikamwitikia karibu kabla sijawahi kufunga chochote. Akapanda ndani.

Aliona koti la baridi linaning'inia mwezi wa Mei. Aliona sare zangu za kazini, boksi za dawa, gunia la mchele, na picha ya mke wangu niliyoipigilia ukutani kwa misumari. Hayo yote yangeelezeka. Kisha akaiona mbuzi ya kukunia nazi chini ya meza. Katibu aliwahi kuiona, akadhani ni kigoda cha mapambo, akaisifu. Huyu hakudhani kitu. Hakuna mtu anayekwenda matembezi ya siku nne na mbuzi ya kukunia nazi.

"Kaka," akasema taratibu, "mbuzi tena?"

Nikaisukuma kwa mguu, ikazidi kuingia chini ya meza.

"Pole sana, kaka yangu."

"Dada, nakuomba, hili libaki humu humu. Wakijua watanitoa, nami sina pengine."

"Siwezi kusema. Mungu ni shahidi." Akanishika mkono, machozi yakimlenga, nami mjinga nikamwamini, nikala vitumbua vyake vinne.

Asubuhi yake kulikuwa na chai ya pamoja kwenye hema kubwa. Mnada wa keki ulipokwisha, yule mama akaomba nafasi ya kusema neno. Alisema kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Alisema kuna kaka yake hapa, mjane, hana nyumba, anaishi garini, na anawaomba wote wamweke katika sala zao. Akalia kidogo. Hakunitaja jina, lakini katika hema lile mtu mweusi mwingine alikuwa yeye mwenyewe.

Shingo zikapinda upande mmoja, za huruma. Mtu mmoja akanipapasa bega. Wale mashujaa wa Hispania wakaanza kumshughulikia mbwa wao. Nilikuwa nimeshika biskuti, na mpaka leo sijui niliipeleka wapi.

Haikupita nusu saa katibu akaja garini kwangu. Alikuwa mpole mno, ningependa angefoka. Akaniomba barua ya benki au ya manispaa yenye jina langu na anwani ile ya kwenye fomu. Mpaka ipatikane, akasema, pengine ingekuwa vyema nisiendelee kuwapo uwanjani, kwa sababu ya mambo ya bima. Nikamwambia sawa. Nilipokuwa nakunja turubai nililiona gari lake mbele yangu, na yale maandishi yake, na kama ningekuwa na rangi na kijana wa kunishikia ngazi, ningeyafuta, Mungu anisamehe.

Nilikuwa nimeshawasha gari alipokuja yule mama, amebeba kontena la vitumbua, mumewe nyuma yake na kikombe mkononi.

"Kaka, usinichukie. Nilitaka wakusaidie tu. Watu wakijua ndiyo wanasaidia." Akanipa kontena dirishani. "Na usipotee, jamani. Karibu sana nyumbani. Anytime."

Karibu nyumbani. Nami nimelisema hilo kwa watu mia, kwenye misiba, kwenye vituo vya basi, na sikumkusudia hata mmoja wao. Lakini siku hiyo sikuwa na mahali pa kulala kuanzia jioni, na nikalichukua neno kama lilivyo.

"Ahsante, dada," nikasema. "Mnakaa wapi?"

Akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. Alilielewa swali langu, nililiona linaingia. Ndipo akageuka, akanyoosha mkono ng'ambo ya uwanja.

"Pale," akasema. "Safu ya pili, karibu na bomba."