Tangazo la Ndoa Lililomzika Mchumba Wangu

Mkitaka kunicheka chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Chapwa hata muuza vocha ananiita bwana harusi wa marehemu, na kosa ni langu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti (hasa za mawakala wanaopitisha mizigo kwenda Zambia), na usharika wetu ukanipa kazi ya kuweka matangazo ya Jumapili mtandaoni, kwa sababu mwinjilisti wetu haoni, anasomewa na simu yake, anaishikia kwenye maiki nasi sote tunasikia. Jumapili hiyo lilikuwa linasomwa tangazo la mwisho la ndoa yangu na Neema, na baba yake, Mzee Kibona, alishuka kutoka Ibaba pamoja na shangazi mtu kuja kulisikia kwa masikio yao (mzee hakuwahi kunikubali sana, alisema kukaa na kompyuta siyo kazi).

Sasa Jumamosi nikauona ukurasa umekaa kishamba, ndoa juu, msiba chini, nikasema ngoja niupendezeshe mkwe aone, nikachora jedwali la safu mbili, kushoto ndoa yangu, kulia msiba wa Bibi Tabia, kila mstari unatazamana na mwenzake vizuri kabisa. Nikaupitisha kwenye kikaguzi cha msimbo, ile programu inayotafuta makosa kwenye maandishi yanayounda tovuti, kikajibu hakuna kosa hata moja. Neema akaniambia, "Usikilize kwanza kwenye simu." Nikamjibu kwa maringo, "Kikaguzi kimeshapitisha, maana yake umekidhi viwango vyote, hata asiyeona anausoma." (Kumbe kikaguzi kinaangalia tu kama nimeandika msimbo kwa kanuni zake, habari za msikilizaji hazikihusu.)

Ibada ikafika kwenye matangazo. Mwinjilisti akagusa simu, na simu haina habari na safu zangu, inasoma mstari mzima kutoka kushoto kwenda kulia, tena kwa ile sauti yake isiyo na huruma: "Ndugu Festo Simkonda. Bibi Tabia Siame. Anatarajia kufunga ndoa. Amefariki Ijumaa. Na Dada Neema Kibona. Atazikwa kesho saa nane. Mwenye pingamizi afike ofisini. Vijana waje na majembe."

Wanakwaya wakainamia vitabu vyao, mabega yanatikisika. Shangazi (Kiswahili anakisikia nusunusu, Kindali ndicho chake) aliambulia "Neema" na "atazikwa" tu, akaangua kilio, na Neema yupo pembeni yake anamvuta kitenge, "Shangazi, mimi huyu hapa." Wajukuu wa Bibi Tabia wakageuka kunitazama, na hapo niliona aibu ya kweli.

Mzee Kibona akasimama taratibu, kofia mkononi. "Mwinjilisti, pingamizi ninalo. Huyu kijana katangazwa na maiti, na binti yangu mnamzika kesho. Tangazo hilo silikubali."

Nikaona Neema ndiyo anaondoka hivyo. Nikasimama, nikawaomba wafiwa radhi, nikaomba niyasome matangazo mwenyewe kwa mdomo yaishe. Mwinjilisti akakataa.

"Kusoma ni kazi yangu, Festo. Yako ni kuniwekea kinachosomeka. Tunakusubiri."

Basi nikakaa palepale kwenye benchi na simu yangu, nabomoa jedwali, naweka msiba wote mpaka mwisho ndipo ndoa yote ifuate, kila kimoja na kichwa chake, na kwaya ikaimba nyimbo zote inazozijua, ikafika hatua ya kuimba wimbo wa sadaka na watu wakatoa sadaka mara ya pili. Nilipomaliza nikafumba macho, nikaweka simu sikioni, nikausikiliza ukurasa wangu kwa mara ya kwanza tangu niutengeneze.

Mwinjilisti akayarudia matangazo. Mzee Kibona alisikiliza hadi neno la mwisho, akaulizwa kuhusu pingamizi lake.

"Nimeliondoa," akasema, akakaa, kisha akasimama tena. "Lakini kadi za harusi atengeneze mtu mwingine."

Neema ni mke wangu sasa. Kikaguzi bado nakitumia, kwa kazi yake ni kizuri, ila siweki tena ukurasa wa mtu yeyote, hata wa wakala wa mizigo, kabla sijausikiliza wote nimefumba macho, kwa sababu nusura nimkose mke kwa kutaka mistari itazamane.