Maua ya Mama Kule Miambani

Wiki jana stima ilipotea hapa mtaani Section 58, nyama ikaoza kwenye friji. Mume wangu aliziba pua. Mimi, msinicheke, nilisimama pale nikaivuta ile harufu, kwa sababu maua ya mama yalinuka hivyo hivyo.

Nikiwa mdogo tulikaa upande wa Elementaita, juu kidogo ya ziwa, mahali pa mawe ambapo hata mahindi yalikataa. Katikati ya mawe kulimea kimmea kifupi kama kidole, kama dungusi changa. Mvua ikinyesha kilitoa ua la rangi ya maini, lenye manyoya, likinuka mzoga mpaka nzi wakadanganyika. Sisi watoto tulicheka sana. Mama hakucheka. Alikuwa amepanda vyake kuzunguka jiwe moja bapa huko juu, na kila tukitoka kanisani alienda peke yake kuvitazama. Aliniambia hapo ndipo alipolala dada yangu, aliyezaliwa kabla yangu na hakulia. Shosho, nyanya yetu, na majirani wanawake ndio waliomzika.

Nikiwa darasa la nne, walikuja wanaume wawili na pikapu wakiulizia mimea hiyo. Walisema ni adimu, imebaki kwenye miamba michache tu ya huku, na kuna watu ng'ambo wanaoitamani. Mama alikuwa ameenda Molo kuchukua viazi vya kuuza. Baba aliwapeleka mwenyewe, amefurahi kupata wageni. Waling'oa yote na mizizi yake, wakaijaza kwenye makreti. Nilimwambia baba hiyo ni ya mama. Akanituma nyumbani nikapike chai.

Mama aliporudi jioni alipanda moja kwa moja huko juu. Alishuka na udongo magotini.

"Baba Wanjiru, ungeningoja."

"Ni miiba tu, Mama Wanjiru. Itamea ingine."

Alimwangalia kwa muda, kisha akaingia jikoni. Haikumea ingine, na mama hakwenda tena kule juu mpaka alipofariki.

Kwa miaka mingi nilimchukia baba, nikiamini alichimbua kaburi la mtoto wake bila kujali. Alipougua nikamuuliza kwa nini aliwaruhusu wale watu wachimbe kaburini.

"Kaburi gani?" akaniuliza.

Ndipo nilipoelewa mama aliona nini jioni ile. Mumewe hakuwahi kuuliza mtoto wao alizikwa wapi.