Tamar, Mwenye Kusema "Iko"

Hapa mtaani kwetu Butembo, mtu akimwona Ézéchias amebeba ngazi begani, alitazama nyuma yake kumtafuta Tamar. Walikuwa mume na mke, na kazi yao ilikuwa moja: kuwashikia watu TNT, ile televisheni ya dijitali inayorushwa na mnara wa mkoa ulio juu mlimani. Mume alipanda kwenye mabati na antena. Mke aliingia sebuleni na kusimama mbele ya kioo.

Niseme wazi mapema kwamba niliwaonea kijicho. Mimi ni Joyeuse, mshonaji, na nina mume. Mume wangu nikimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza ahakikishe. Ézéchias hakuwa hivyo. Juu ya paa yeye haoni picha hata kidogo, anaona milima na mabati ya jirani tu. Macho yake yalikuwa Tamar. Tamar akipaza sauti dirishani, "Rudisha kidogo! Ngoja! Ngoja... iko! Funga!", Ézéchias alikaza waya papo hapo na kuanza kushuka na koleo mfukoni, kazi imekwisha.

Na msidhani ni kazi ya kila mwenye mdomo. Televisheni ya zamani ilikuwa na chenga, lakini ilikuwa na huruma. Ulimwona mchungaji katikati ya chenga, ukajua anahubiri, ukaridhika. Hii ya sasa unayo au huna. Ukikosea upana wa vidole viwili, uso wa mtangazaji unakatika vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi ya Kifaransa yanakuambia hakuna signali. Tena dekoda, kile kisanduku cha kupokea picha, ni nzito kukubali. Picha inakuja, unafurahi, kumbe inapita tu. Tamar aliijua ile inayopita na ile inayokaa. Alikuwa akiiacha picha ijithibitishe kabla hajasema "iko", na sijasikia nyumba hata moja iliyolalamika.

Halafu Shalom akazaliwa, mtoto wao wa kwanza, aliyengojewa mpaka watu wa kanisa walikuwa wamechoka kuwaombea. Tamar akabaki nyumbani kumnyonyesha. Majira yenyewe yalikuwa ya mvua, na hapo ndipo Delphine alipohamia kwetu.

Delphine alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Kananga, mrefu, nadhifu, mwenye kucheka kwa sauti. Alikuwa amefanya kazi Beni na sasa alihamishiwa Butembo. Mume wake, Tshibangu, alikuwa askari, naye akabaki Beni na kikosi chake. Delphine alipata nyumba chini kabisa bondeni, karibu na mto Kimemi, ambako signali ya mnara inapita juu ya vichwa vya watu bila kuwasalimia. Kule Beni antena ndogo ya ndani ilimtosha. Hapa kioo chake kilikuwa cheusi asubuhi na jioni, akamwita Ézéchias.

Ézéchias alitafuta mti mrefu wa mkaratusi, akafunga antena kileleni, akausimamisha nyuma ya nyumba, kando ya njia ya kwenda kisimani. Chini aliushika kwa waya kwenye nguzo mbili fupi. Ukilegeza waya, mlingoti wote unageuka kwa mkono, na antena juu inageuka nao. Tamar alitaka kwenda naye siku ile. Alikuwa tayari ameshamfunga mtoto mgongoni.

"Bakia na mutoto, Mama Shalom," Ézéchias akamwambia. "Kule kuko matope mingi, utaanguka naye. Ule mama mwenyewe ataniambia kama inashika."

Ule mama mwenyewe! Tamar alikuja kukaa barazani kwangu, na baraza langu linatazama bonde lote. Kwetu sauti inatoka mlima huu ikafika mlima ule bila kupoteza neno. Basi tulimsikia Delphine. "Iko! Hapana, imeenda! Iko tena! Aa, papa, iko, iko!" Kisha kicheko. Kisha kicheko cha Ézéchias. Kisha Delphine, ambaye kwa Kinande, lugha ya hapa kwetu, alijua neno moja tu la kushukuru, akapaza, "Wasingya! Wasingya, papa!"

Tamar aliweka chini kikombe cha chai.

"Joyeuse, unamusikia?"

"Minamusikia."

"Anasema iko mbele ya picha kusimama. Hapana ngojaka. Bwana yangu atafunga fasi mubaya, na kesho watasema yeye njo hajue kazi." Akatega sikio tena bondeni. "Na juu ya nini bwana yangu anacheka? Akiwa na mimi, hapana chekaka pale juu."

Nilimtania kwamba anaona wivu wa antena. Hakucheka. Wivu ulikuwa umemshika kweli, na haukuwa wa mwanamke mzuri tu. Angeliweza kuuvumilia uzuri wa Delphine, Butembo imejaa wanawake wazuri. Kilichomchoma ni ile sauti ya mwanamke mwingine ikimwongoza mume wake, na mume wake akiitii. Mbaya zaidi, Ézéchias alirudi jioni ile na furaha yake yote akasema, mbele ya sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, "Ule mama anajifunza hii kazi mbio." Tamar aliniambia kwamba usiku ule kila alipogeuka kitandani alilisikia neno lile.

Siku zilizofuata akaanza kuteka maji kwenye kisima cha bondeni, ingawa kisima chetu cha juu kiko karibu. Nilidhani anakwenda kumchungulia Delphine. Baadaye aliniambia mwenyewe alichokifanya. Alikuwa anapita kando ya mlingoti, anatua bidoni yake ya maji kama mtu aliyechoka, anatazama huku na huku, anaulegeza waya na kuusukuma mlingoti kidogo tu. Waya aliuacha umelegea, mtu afikiri ni upepo. Kisha anabeba bidoni na kupanda mlima, mtoto mgongoni, na raha yake yote imejaa mdomoni.

Hesabu yake ilikuwa hivi: picha ikipotea, Delphine atakasirika, atamfukuza Ézéchias na kumwita fundi mwingine kutoka katikati ya mji. Alisahau mume aliyemwoa ni wa namna gani. Ézéchias alikuwa na sharti lake, na Tamar alilijua kuliko mtu yeyote: picha ikianguka, fundi anarudi mpaka isimame, bila maneno. Kwa hiyo Delphine alipoita, Ézéchias alichukua koleo akashuka bondeni. Na sisi barazani tukasikia tena, "Iko! Iko, papa!" na kicheko. Tamar akausukuma tena mlingoti. Ézéchias akashuka tena. Kadiri alivyomwonea mwanamke yule wivu, ndivyo alivyompelekea mume wake kwa mkono wake mwenyewe. Hata hilo alilijua, na hakuweza kuacha. Aliniambia, "Mikono ilikuwa inaenda yenyewe, Joyeuse."

Siku moja alipofika kisimani alimkuta Delphine ameketi kwenye jiwe, amevaa kitenge cha nyumbani, macho mekundu.

"Mama Shalom, njo weye?" Delphine akasimama kumwamkia kwa mikono miwili. "Bwana yako anakusemaka kila siku. Anasema kama bibi yake alikuwa hapa, ile picha ingeisha kushikwa. Anasema mimi minapiga makelele tu."

Tamar akatua bidoni yake chini.

"Bwana yangu iko Beni," Delphine akaendelea. "Réseau, mtandao ya simu, kule inakosaka. Donc mangaribi minaangaliaka habari ya kule, minaona kama kuko utulivu, njo minapata usingizi. Mais vraiment, hii wiki yote, ni kioo nyeusi tu. Bwana yako anasema ni upepo. Ule upepo unanichukia."

Tamar aliniambia kwamba aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Na bado, katikati ya haya hiyo, kidonda cha wivu kilichukua maneno mawili tu na kuyashika: kila siku. Anamsema kila siku, kwa hiyo anazungumza naye kila siku. Alijaza bidoni yake akapanda mlima bila kuugusa mlingoti, lakini pia bila kuurudisha ulipokuwa. Kulikuwa na watu kisimani.

Asubuhi yake alishuka mapema, wakati Delphine amekwenda ofisini. Aliushika mlingoti kwa mikono miwili. Alikumbuka kifundo kikubwa cha mti kilipotazama kabla hajaugusa mlingoti mara ya kwanza, akaurudisha pale pale. Na kwa kuwa alikuwa anatubu, alitubu vizuri: alikaza waya kwa nguvu zake zote, akauzungusha na kuuzungusha, akakunja ncha yake ndani ili usichane watoto wanaopita. Alijua kazi nzuri inavyokuwa, na hakuweza kuiacha mbaya.

Jioni Delphine alipiga simu kwa furaha. Picha imerudi! Imerudi yenyewe! Ézéchias alisikiliza, akamshukuru, akakata simu. Picha ya dijitali haiwezi kurudi yenyewe. Upepo unaweza kuigeuza antena, lakini upepo haujui kuirudisha upana wa vidole viwili, kisha ukakaza waya. Akashuka kuangalia.

Ézéchias anatumia mkono wa kushoto. Waya zake zote, kwenye mapaa yote ya mtaa huu, zinazunguka upande mmoja. Huu ulizunguka upande mwingine, na ncha yake ilikuwa imekunjwa ndani namna aliyomfundisha mtu mmoja tu hapa duniani.

Aliporudi nyumbani hakugombana. Tamar alisema ingekuwa afadhali angegombana. Aliketi, akamchukua mtoto magotini, akasema bila kumtazama:

"Waya ya kwa Delphine inafungwa na mukono ya kuume."

"Njo mimi," Tamar akajibu.

"Na mbele? Ile mara yote?"

"Ile yote ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya wivu. Nilikuwa nasikia vile anakuita, na weye unacheka."

Ézéchias alifikiri. "Mi nilizani ni upepo," akasema. "Nilimwambia ule mama ni upepo. Nilimuapia." Kisha akasema mtoto ana njaa, akamrudishia.

Mambo yakaishia hapo, au ndivyo tulivyoona. Ézéchias hakumwambia Delphine, hakumwambia mchungaji, hakumrudishia mke wake neno lile hata siku moja. Kanisani waliketi benchi moja kama kawaida. Mvua ilipopungua na Shalom akawa mnene, Ézéchias akamwambia Tamar warudi kazini pamoja, na Tamar alikuja mbio kunieleza, uso unang'aa. Wivu wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa hata anamsalimia Delphine kwa jina njiani. Nilimwambia amepata mume ambaye wanawake wengine tunamwomba Mungu kwa kufunga, na nilisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu ni kweli.

Nyumba ya kwanza waliyoanza nayo ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimenunua dekoda. Ézéchias akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Tamar akaingia sebuleni kwangu, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya kioo miguu imetulia, na mimi nikasimama kando yake na futi yangu ya kushonea shingoni. Juu ya vichwa vyetu tulisikia mabati yakilia chini ya nyayo zake.

"Ngoja!" Tamar akapaza dirishani. "Rudisha kidogo. Kidogo! Ngoja..."

Vipande vya mraba vikaja, vikaenda. Kisha ikatokea kwaya imevaa kanzu nyeupe, safi, nikaziona hata pete za waimbaji. Nilitaka kupiga kelele. Tamar akanishika mkono ninyamaze. Aliiacha picha ijithibitishe. Kwaya ikamaliza ubeti, ikaanza mwingine, haikutikisika.

"Iko! Funga!"

Hatukusikia koleo. Mabati yalikaa kimya.

"Papa Shalom, iko! Funga!"

Ndipo tukasikia ngazi ikilia. Ézéchias alishuka, akavua viatu vya matope mlangoni, akaingia. Alisimama mbele ya kioo, karibu kabisa, akaitazama ile kwaya kwa muda mrefu. Tamar alikuwa kando yake, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Kweli, iko," Ézéchias akasema, kwa upole kabisa. Akavaa viatu, akapanda tena.

Sasa koleo ilisikika, waya ukikazwa. Ikanyamaza. Kisha sauti yake ikashuka kupitia dirishani.

"Joyeuse! Ingali iko?"

Kwaya ilikuwa bado inaimba. Tamar alikuwa ameinama anamfungua mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amelala. Nilingoja ajibu yeye. Hakujibu, na Ézéchias akaniita tena kwa jina langu.