Mguu Kwenye Breki

Fundi alipofungua nati chini ya gari langu, mafuta ya gia yalimwagika kwenye beseni na ile harufu yake ya kuungua ikanifikia nilipokaa kwenye benchi pembeni.

Nikajikuta mtoto tena, uani kwetu Mundika, kwenye kiti cha dereva, mto mgongoni ndio mguu ufike kwa breki. Baba alikuwa amebadilisha mafuta ya gia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Sasa alilala chini ya gari kuangalia kama yanavuja, injini ikinguruma. Mama alikuwa amekataa kukalia kile kiti.

“Mimi siui mtu,” alisema, akaenda kutafuta mawe ya kuzuia tairi.

“Weka gia kwa D!” baba akaita. “Na usitoe mguu!”

Gari likajivuta, likitaka kwenda. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

“Baba, tayari?”

“Bado.”

“Baba?”

Alikuwa ameshatokea upande wa pili, anamwonyesha mama mikono yake myekundu kwa mafuta, wote wawili wanacheka. Hakuna aliyekumbuka kuniambia niachilie.

“Madam,” fundi akaniita kutoka chini ya gari, “unachimba nini hapo?”

Nikaangalia. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimezama mchangani.