Oili Juu ya Injini ya Mama

Kaka yangu mkubwa anaishi Syokimau, kwenye ghorofa ambayo mlinzi hukufokea ukionekana na ndoo karibu na gari. Kwa hivyo ujuzi wake wote wa kuosha magari ameupata kitandani, akitazama video. Hilo halijamzuia kutushauri. Akija nyumbani Machakos hushuka garini akiwa ameshakunja uso, na kabla hajasalimia mtu huwa ameshaona kitu kilichoharibika: mfereji, mlango wa choo, mbwa.

Mwaka jana alichokiona ni gari la mama.

Ni gari kuukuu, refu nyuma, ambalo baba alituachia. Mama alijifunza kuliendesha baada ya matanga, akiwa tayari ana wajukuu, kwa sababu alichoka kuwabembeleza wanaume wampeleke sokoni. Tangu siku hiyo gari hilo limebeba magunia ya mahindi, viti vya kanisa, mitungi ya maji na kila mwanamke wa jumuiya yake mwenye goti bovu. Bila gari hilo mama angekuwa mtu wa kukaa kibarazani akingoja kuchukuliwa, na kungoja ni kitu ambacho hajawahi kukiweza. Mimi nilijua hivyo. Kaka alijua pia, ila alikuwa ameshapata mnunuzi huko Mlolongo.

Mambo yalianzia kanisani. Mama aliegesha gari, na moshi mwembamba ukatoka chini ya boneti mbele ya waumini wote. Kaka akafungua. Injini ilikuwa imelowa oili, na vumbi letu jekundu limeganda juu yake kama uji wa wimbi uliosahaulika sufuriani. Akapiga picha, akaituma kwenye kikundi cha familia, na chini yake akaandika: "Hii gari ya mwaitu itashika moto. Mimi nimesema." Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Kaka hulitumia neno hilo anapotaka kumnyang'anya kitu.

Baada ya mabishano ya wiki nzima akatoa hukumu. Jumamosi tulikuwa na safari ya Kola kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kumposea kitinda mimba wetu mke. Mpaka mbuzi hao wapokelewe kwa kina msichana, kwetu hakuna mchumba wala mkwe, kuna vijana wawili wanaopendana tu. Mbuzi wangesafiri nyuma ya gari la mama, kama kila kitu kinavyosafiri, na kaka, kwa kuwa ndiye mwana mkubwa, angekuwa msemaji wetu. Alisema atapitia nyumbani asubuhi, atafungua boneti, na akikuta oili, hiyo itakuwa safari ya mwisho. Jioni ataondoka na funguo.

"Basi tutaiosha," mama akaniambia, kama mtu anayezungumzia sufuria.

Tukaiosha Ijumaa. Mama ana sheria zake za kazi hii, na alizitangaza kama anasoma matangazo ya kanisa. Kwanza injini ipoe. Hakuangalia saa, alikuwa akija kila baada ya muda, anaweka kiganja juu yake, anarudi jikoni. Ilipopoa kabisa tukafungua waya wa hasi kwenye betri tukausogeza kando. Kisha ikaja shughuli ya kufunika visivyopenda maji: betri, sanduku la fyuzi, alterneta, mdomo wa kuvutia hewa. Mifuko ya plastiki serikali ilishatunyang'anya, lakini mama ana droo nzima ya karatasi za mkate, zile za nailoni, kila moja imeoshwa na kukunjwa. Miaka yote tulimcheka kwa ajili ya droo hiyo. Siku hiyo injini ilivishwa karatasi za mkate na kufungwa kwa raba za nywele za wajukuu, ikawa inapendeza kuliko sisi.

Maji pia yalikuwa na sheria. Ya kisima chetu yana chumvi, hata chai inayakataa. Mama alisema chuma kikinyweshwa maji yale kitaota ukungu mweupe na vichwa vya waya vitaliwa. Tukachota ya mvua kwenye tangi, ndoo moja tu, na sabuni ya vyombo, na miswaki ya zamani. Hakuna kumwaga. Unachovya, unasugua, unapangusa na kitambaa chenye unyevu, unasuuza kitambaa, unarudia. Kazi ya kuchosha kuliko kufua mablanketi.

Mama alifanya sehemu yake kwa vidole. Alikuwa akipapasa kila kona kama mtu anayechagua maparachichi gizani, anagusa tope, anasugua, anagusa tena. Nilimtania kwamba hata daktari hapapasi mgonjwa hivyo. Akanijibu kwamba injini ni kama mtoto mchanga, unaijua kwa mkono. Nikaona ni hekima.

Tulipomaliza nilishangaa. Hakuna mahali palipokuwa pakivuja. Kila kifuniko kilikuwa kikavu, kila mpira mzima. Tukafungua karatasi, tukaacha boneti wazi injini ikauke kwa upepo, tukarudisha waya wa betri, mama akaiwasha, ikaitika mara moja. Ilipopoa tena akataka kuiongeza oili mwenyewe. Nusu iliingia ndani, nusu ikatiririka juu ya kifuniko nilichotoka kukisugua mpaka kucha zikauma.

"Hizi chupa za siku hizi ziko na mdomo mbaya," akasema.

Nikakubali kwamba zina mdomo mbaya, nikapangusa. Halafu akaniambia nioshe kioo cha mbele. Nikakiosha. Akaketi kwenye usukani, akasema bado. Nikarudia. Akasema bado kuna ukungu. Nikamwambia nikiendelea nitakitoboa, tukacheka, tukaenda kupika.

Kaka alifika asubuhi na suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, na mashine ya presha ya kuoshea magari aliyoiazima. Hakunywa chai. Alifungua boneti ya mama, akatoa karatasi nyeupe ya kupangusia pua, akaipitisha hapa na pale kama mama mkwe anayekagua nyumba ya bi harusi. Karatasi ikarudi nyeupe. Akainama, akachungulia chini, akapitisha tena. Nyeupe.

"Mumepangusa tu juu juu," akasema mwishowe. "Hii inataka presha."

Mama akaifunga boneti, akaiegemea. "Yangu imeoga. Osha yako."

Mtu mwenye akili angecheka na kuomba chai. Lakini mashine ilikuwa pale, na mimi nilikuwa natazama, na majirani wawili walikuwa wameshasogea uani. Kaka akavua koti. Gari lake ni lile kubwa lililoinuka juu, ambalo tukiliingia hutuambia tusiguse chochote. Lilikuwa limetoka Mombasa Road muda huo huo, na boneti yake ilikuwa inatoa joto la tanuri.

"Ngoja ipoe," mama akasema.

"Mwaitu, hizi za kisasa hazina hiyo shida."

"Na funika fyuzi. Karatasi za mkate ziko kwa droo."

"Karatasi ya mkate!" Kaka akawatazama majirani, ili wacheke naye. Akachomeka mashine jikoni, akatumbukiza mpira wake kwenye pipa la maji ya kisima, akafyatua. Mvuke ulipanda mpaka hatukumwona. Alinyunyizia injini, alinyunyizia betri, alinyunyizia sanduku la fyuzi kama anaua siafu. Ilikuwa raha kutazama, sikatai. Alipomaliza kila kitu kiling'aa, na yeye alikuwa amelowa magoti.

Akaingia kuwasha. Gari likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Taa zote za dashibodi ziliwaka, hata zile ambazo sidhani kama anajua maana yake. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakuwahi kumwona akilisafisha kwa presha. Majirani wakakumbuka kazi zao. Mama alienda kufungulia mbuzi.

Ndivyo msemaji wetu alivyosafiri kwenda ukweni: kwenye kiti cha nyuma, suruali imelowa, mbuzi dume akipumua kisogoni kwake. Mimi nilikaa mbele nikiuma midomo nisicheke. Nilishaanza kutunga jinsi nitakavyowasimulia wengine.

Mama aliendesha polepole, kama siku zote. Tulikuwa tumeuacha mji nyuma alipofunga breki katikati ya barabara, akapiga honi. Akangoja. Akapiga tena, ndefu.

"Hawa ng'ombe ni wa nani? Hawana mchungaji?"

Nilitazama mbele. Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na lundo la mchanga wa kujengea, limemwagwa kando ya barabara, na jua limelipiga ubavuni.

Kicheko kilinikauka. Niligeuka nyuma, nikakutana na macho ya kaka, nikajua na yeye ameona. Nilifikiria chupa zenye mdomo mbaya. Nilifikiria oili aliyokuwa akiimwaga nje ya tundu mwezi baada ya mwezi, ikaungua juu ya chuma cha moto, ikatoa moshi kanisani. Nilifikiria vile vidole vilivyopapasa kila kona. Familia nzima ilikuwa imegombana wiki nzima juu ya injini isiyo na ugonjwa.

Mama alishuka. Alichukua leso yake, akapangusa kioo cha mbele, akarudi akaketi, akatazama. Akashuka tena, akapangusa tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwaitu," kaka akasema taratibu kutoka nyuma, "kioo ni safi."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolitamka siku hiyo, na alilisema bila kukunja uso.

"Najua ni safi," mama akasema. Alisimama na leso yake mkononi, mbuzi wakilia. Halafu akazunguka gari akaja upande wangu, akanipa funguo. "Hizi ninakukopesha. Si za Mlolongo."

Mbuzi walipokelewa. Kaka alisema vizuri, nadhani kwa sababu hakusema mengi.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba hajui mama alikuwa anaonaje mlango, sembuse barabara. Alipasuliwa jicho moja, likapona, kisha la pili. Kaka alisimamia kila kitu kwa kelele zake zote. Alimfundisha daktari, aliwafundisha wauguzi, na safari hii hakuna aliyemcheka sana. Gari lake lilikuwa limeshapona pia, baada ya fundi kubadilisha waya ambazo majina yake hataki kututajia.

Siku mama aliporuhusiwa kuendesha, kaka alikuja tena kutoka Syokimau. Tuliporudi kutoka kwa daktari, mama hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja kwenye gari, akafungua boneti, akatazama kwa muda mrefu.

"Aiya," akasema. "Ni nani alisema hii imeoshwa?" Akanionyesha tope kwenye kila kona ambako karatasi nyeupe ya kaka haikufika, grisi ya miaka, na karatasi ya mkate tuliyoisahau kando ya betri. "Na wewe ulikuwa na macho."

Akaninyooshea mkono. Nikaweka funguo kiganjani. Kisha akamgeukia kaka, akamtazama vizuri kwa macho yale mapya: mvi za pembeni, mifuko chini ya macho, kitambi, miwani.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema kwa huruma. "Na bado wanakuacha uendeshe gari?"